Dume la Ng'ambo na Tokeni Moja

Njia iko wazi? Itikieni: "Iko wazi, ipite!"

Basi hadithi inapita. Bismillahi.

Wakubwa kwa wadogo, sogeeni, na wewe uliyesimama mlangoni ingia usituzibie mwanga. Leo nina watu watatu na kitu kimoja, na kitu chenyewe hakikatwi vipande. Nisaidieni kukitoa, maana mimi kimenishinda. Nikisali, akili inatoka msikitini katikati ya rakaa, inakwenda kukaa relini. Mola anisamehe.

Watu wenyewe ni hawa.

Bi. Tatu Msabila, Mwenyezi Mungu alimpa jicho. Tangu usichana wake anauza chai na vitumbua stesheni ya Mkalanga, na jicho lake likishika kitu haliachi. Ukimpita leo na kanzu iliyokatika kifungo, ukirudi baada ya Ramadhani mbili atakuuliza, "Kile kifungo cha pili kutoka juu ulikipata?"

Mzee Lugendo alipewa sikio. Yeye alikuwa mtu wa gengi, wale waliokuwa wakiifuata reli kwa miguu, nyundo begani, kutazama wapi pamelegea. Aligonga chuma, akainamisha kichwa kama anayenong'onezwa siri, kisha akasema, "Hapa pazima," au, "Hapa pana kikohozi." Na kweli pakichimbuliwa, utakuta taruma, ule ubao wa chini ya reli, limeoza.

Mwalimu Nyanzala, binti wa Usenye, alipewa maneno. Sisemi umbea, umbea ni wetu sote na tuombe toba. Nasema yeye hawezi kusikia neno akaliacha lipite bila kuliuliza limetoka wapi. Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Kwa-Nini.

Sasa mahali. Mkalanga ni njiapanda. Reli kuu inapita hapo, na zamani ilichepuka hapo reli nyingine kwenda Usenye, ikivuka mto Lukwesi kwa daraja la chuma. Hiyo tuliiita tawi. Tawi limekufa siku nyingi. Reli zimeng'olewa, na palipokuwa na mataruma siku hizi pana mihogo. Basi sisi wazee tuliobaki, waliotumikia reli na tuliozoea tu kuipigia soga, tukaona tawi letu lisifutike kama kwamba halikuwahi kuwapo. Tukaomba ghala la vifurushi pale stesheni, tukaunganisha meza, na juu yake tukajenga tawi lote, kuanzia Mkalanga hadi Usenye, kwa mabati ya makopo, waya na mbao. Stesheni ziko, tangi la maji liko, mto uko, daraja liko. Mimi nilipewa miti. Nilikatakata sponji ya godoro nikaipaka kijani, na nikajivuna kwa miti ile kuliko inavyompasa mja.

Mwenyekiti wetu ni Mzee Hamdani, stesheni masta wa mwisho wa Mkalanga. Hadi leo tunamwita Masta. Ni mtu wa haki, ila mkavu kama biskuti ya jeshi. Sheria yake ilikuwa moja: "Mezani hakipiti ambacho tawini hakikupita." Ukiweka mbuzi, atakuuliza mbuzi wa nani. Mimi nilipanda mti mmoja mbele ya stesheni, akaung'oa.

"Hapa hapakuwa na mti," akasema.

"Palikuwa na nini, Masta?"

"Palikuwa na jua."

Hatukumchukia. Watu wa Usenye walikuwa wamealikwa siku ya ufunguzi, nao wanaijua reli yao kama mtu anavyojua kovu lake. Ukiwadanganya kidogo, watasema umewadanganya yote.

Kikabaki kitu kimoja, nacho ndicho roho ya vyote: injini. Kazi hiyo akapewa Fundi Mrisho Kabuta. Huyu alitumikia karakana kubwa ya reli huko mbali, akahamia kwetu uzeeni kwa kumfuata mkewe. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Kikombe cha chai hakifiki mdomoni bila kumwagia kifua. Lakini akishika bati na mkasi, mikono inatulia kama imesikia adhana. Alituambia waziwazi, "Hii moja nitaimaliza inshallah. Ya pili msiniombe, sitaiweza."

Masta akamwagiza kwa neno moja. Neno hilo lishikeni, maana ndilo lililotutia matatani. Alimwambia, "Fundi, tutengenezee dume la tawi."

Kwetu Mkalanga, injini yoyote inayovuta tunaiita dume. Iwe ndogo, iwe kubwa, ikivuta ni dume. Lakini karakana alikotoka Mrisho, dume ni moja tu: ile injini kubwa ya moshi ya reli kuu, ndefu, yenye magurudumu mengi na kifua kama cha nyati. Zile ndogo za matawini kule waliziita bata. Sasa mtu wa karakana ukimwambia dume, atakutengenezea bata?

Akaileta siku ileile ya ufunguzi, asubuhi, imefungwa kwenye kanga ya mkewe. Alikuwa akiipiga msasa hadi dakika ya mwisho. Wageni wa Usenye wangefika baada ya adhuhuri. Mwalimu Nyanzala alikuwa ametangulia kuja kutusaidia kupanga viti, Bi. Tatu ameleta birika, Mzee Lugendo anazipapasa reli za mezani kwa kidole. Mrisho akafungua kanga.

Sote tukasema, "Mashaallah." Ilikuwa nyeusi, inang'aa, ina mota na honi yake ndogo tumboni, na kila msumari mahali pake. Ungedhani inapumua.

Masta akainama, akahesabu magurudumu.

"Hii nini?" akauliza Masta.

"Dume."

"La wapi?"

"La tawi. Si ndivyo ulivyosema?"

Masta akaizunguka meza. Akarudi alipoanzia. "Fundi, hii ni injini ya reli kuu. Hii haikukanyaga tawi. Daraja la Lukwesi lingekunjika kama kitanda cha kamba."

"Ulisema dume."

"Nilisema dume la tawi."

"Na dume la tawi ni lipi, kama si dume?"

Bi. Tatu akacheka hadi chai ikaruka kwenye mdomo wa birika. Masta hakucheka. Alisema kazi ni nzuri, haina mfano, lakini mezani haiendi. Itakaa rafuni, ukutani, watu waitazame. Akachukua karatasi ngumu, akaandika kibao cha kuisimamisha mbele yake: SI YA HAPA.

Mrisho akakisoma. Mikono ikaanza tena kutetemeka, akaifumbata kati ya magoti. "Basi Masta, andika vibao viwili," akasema. "Kimoja cha injini, kimoja nivae mimi. Nami si wa hapa."

Nikatazama miti yangu. Nilikuwa na neno la kumtetea, nikalimeza kwa kumwogopa Masta. Haya, tuendelee.

Aliyesema ni Nyanzala. "Masta, shikamoo."

"Marahaba. Si tumeshaamkiana?"

"Tumeamkiana, lakini naona umekasirika nikaona niongeze. Kwa nini unasema haikukanyaga? Ulikuwapo siku zote?"

Masta ni mkavu, lakini si mwongo. "Nilihamishiwa hapa baada ya ule mwaka wa mafuriko makubwa," akasema. "Ya kabla ya hapo siyajui ila kwa kusikia."

"Na vitabu vya stesheni vinasemaje?"

"Mchwa wamevisoma wakamaliza."

"Basi hujui."

Masta akavua kofia, akaivaa tena. "Haya, mwanangu. Sitaki kumdhulumu mtu. Nipeni majibu ya maswali matatu kabla wageni hawajaingia. La kwanza, nani aliliona dume hili likiingia tawini? La pili, lilifanyaje darajani? La tatu, kule Usenye nani analijua? Yakijibiwa yote, linapita. Moja likikosa jibu, linakwenda rafuni, na mtu asininunie."

Bi. Tatu akaweka birika chini. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Mimi nililiona," akasema. "Mwaka uleule wa mafuriko. Reli kuu ilikatika upande huu na upande huu, dume likabaki hapa Mkalanga kama ng'ombe kisiwani. Injini ndogo ya tawi ilikuwa imekwama kwenye reli kuu, mbele ya maji, huko ilikopelekwa kutengenezwa. Asubuhi moja ya mvua nimejibanza na jiko langu chini ya paa, nikaliona dume linaingia tawini. Halikuvuta. Lilisukuma! Mabehewa mbele, lenyewe nyuma. Na mabehewa yaliyo karibu nalo yalikuwa matupu, yale bapa yasiyo na kuta, yamebeba mvua tu. Mbele kabisa ndiko kulikuwa na yaliyofunikwa turubai."

"Subhanallah," akasema Masta. "Na lilirudi?"

"Sikuliona likirudi, nilikwenda msibani. Nikawasimulia watu, wakanicheka. Wakasema Tatu ameona treni imevaa kanzu mgongo mbele. Hadi leo kuna wazee wakinipita wananiuliza kama treni imeshageuza kanzu. Kwa nini lilisukuma, kwa nini lilibeba hewa, msiniulize. Niliona. Sikujua."

"Tatizo lako, mtani," akadakia Lugendo, "ulikuwa unatazama treni badala ya chai. Ndiyo maana ilinuka moshi."

"Na wewe uliyekuwa ukiinywa na kuomba uongezwe, mtani wangu, pua ulikuwa umeiazima wapi?"

Masta akainua mkono. "La kwanza limejibiwa. La pili. Mzee Lugendo, wewe ndiye mtu wa daraja. Sema tujue moja."

Lugendo akapangusa vidole. Alikwenda hadi kwenye daraja la mezani, akaligonga kwa ukucha, akasikiliza kwa mazoea tu, maana lilikuwa bati la kopo la maziwa.

"Masta, hiki kibao ulichokisimamisha hapa kabla ya daraja kinasemaje?"

"INJINI KUBWA MWISHO HAPA. Nimekiweka palepale nilipokikuta kule tawini."

"Kando ya mto."

"Kando ya mto, kabla tu ya daraja."

"Kwa nini pale?" akauliza Lugendo. "Kama injini kubwa zilikuwa haziingii tawini kabisa, kibao kingesimama hapa Mkalanga, reli inapochepuka. Nani anaandika 'usivuke' mahali pasipofikiwa na mtu?"

Masta akakiinamia kibao, akakisoma upya.

"Shimo la kibao kile nililichimba mimi," akasema Lugendo. "Baada ya siku ile. Usenye walikuwa wamezingirwa na maji, chakula kimekwisha, na mahindi yao yako hapa kwenye mabehewa. Mnyapara wetu akanituma nikagonge daraja. Nikagonga. Likaniambia, mabehewa nitayabeba, dume silibebi. Ndipo tukapanga mabehewa matupu katikati, marefu kama mkono. Dume likasimama ukingoni likasukuma. Mkono ule ukapita darajani, ukayafikisha mahindi ng'ambo, na gurudumu la dume halikugusa daraja. Ng'ambo reli inateremka hadi Usenye. Tukayafungua yale yenye mahindi, kila behewa na mtu wake wa breki, yakashuka yenyewe."

"Na ruhusa mlipewa na nani?"

"Ruhusa? Simu zimekatika, watu wana njaa! Mnyapara alitukusanya akatuapisha. Alisema, aliyeona hakuona, nikifukuzwa kazi watoto wangu watakula nini? Tukaapa. Amekufa, Mungu amrehemu, nami nilikuwa nimebaki na kiapo chake kama mtu aliyeachiwa mbwa wa marehemu. Leo nimekivunja. Nilijua, sikusema."

Bi. Tatu alikuwa amesimama. "Lugendo! Mimi nachekwa umri wote huu, na wewe unajua?"

"Nilikula kiapo, mtani."

"Hata kunikonyeza hukuweza? Kiapo kilikataza ukope?"

Hapo hata Masta alitazama pembeni kuficha meno. Lakini uso wake ukarudi ulivyokuwa. "La pili limejibiwa. Lakini sikilizeni. Ninyi wawili ni wa Mkalanga. Ushahidi wa upande mmoja wa mto ni nusu ya ushahidi. Watu wa Usenye wataingia hapa, wataiona injini wasiyoijua, watasema tumewabandikia uongo juu ya njaa yao. Nani kule anaijua?"

Wote tukamgeukia Nyanzala. Alikuwa akitembea huku na huku kati ya viti, anakunja ncha ya mtandio, anaikunjua.

"Hakuna," akasema hatimaye. "Bibi yangu amenisimulia treni zote za Usenye, hadi ile iliyomkanyagia jogoo. Hii hajaitaja. Hakuna mtu kwetu aliyewahi kuiona injini kama hii. Siwezi kusema uongo, Masta."

"Sikutaka useme uongo."

Masta akachukua kile kibao cha SI YA HAPA. Mrisho akainuka, akatandaza kanga ya mkewe, akaanza kuifunika injini kuanzia nyuma, taratibu, kama unavyomfunika mtoto usitake aamke. Nyanzala akamsogelea kumsaidia kushika ncha.

"Pole, Fundi," akamwambia kwa sauti ndogo. "Tulingoja dume la ng'ambo, leo halikulia."

Lugendo akageuza kichwa. Si nimewaambia alipewa sikio? "Umesemaje?"

"Nimempa pole, Babu."

"Baada ya pole."

"Dume la ng'ambo? Aa, huo ni msemo wa kwetu tu. Msaada ukikufikia na humjui aliyeutuma, tunasema dume la ng'ambo limelia. Mtu akiamka akute kuni mlangoni asijue nani kazileta, basi ni dume la ng'ambo."

"Na kwa nini mnasema hivyo?" akauliza Bi. Tatu.

Mwalimu Kwa-Nini akaiachia ncha ya kanga. "Sijawahi kuuliza," akasema, akakaa kitini. Maneno ya watu wote duniani aliyauliza, lile alilonyonya na maziwa hakuliuliza.

Akafumba macho akalitafuta. "Kuna ngano bibi alikuwa akitulazia. Mwaka wa maji, watu wamelala na njaa, mara mahindi yakaja yenyewe. Mabehewa yameshuka mlimani hayana injini. Na ng'ambo ya mto, nyuma ya kilima, sauti nene ikalia ambayo hawajaisikia kabla wala baada. Wanaume wakataka kwenda kuitazama, mto hauvukiki. Wakasema ni dume la ng'ambo. Mimi nilidhani ni ngano tu, kama za sungura!"

"Ile ilikuwa honi," akasema Lugendo, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Dereva aliipiga kuwaonya watoke relini, mabehewa yanakuja. Kumbe waliisikia."

Masta akakikunja kile kibao cha SI YA HAPA mara mbili, akainama, akakitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Litapita," akasema. "Litatoka Mkalanga likisukuma, litafika kwenye kibao, litasimama. Daraja halivuki."

"Na honi?" akauliza Mrisho.

"Na honi."

Tukapiga takbiri. Ungedhani mambo yamekwisha. Lakini ndiyo kwanza yanaanza, maana Masta alitia mkono mfukoni akatoa tokeni.

Tokeni, kwa msiojua, ni kipande cha shaba cha mviringo. Zamani tawi lilikuwa na njia moja, treni inayokwenda na inayorudi zinapita palepale. Ili zisigongane, dereva haingii mpaka awe na tokeni mkononi, na tokeni ni moja tu. Masta alikuwa ameihifadhi ile ya tawi letu, ya kweli, na mezani alikuwa ametengeneza kitundu chake. Usipoitumbukiza, umeme hauendi, injini haitoki. Atakayepewa leo jina lake litatangazwa mbele ya wageni, naye ndiye atakayelitoa dume safari ya kwanza. Safari nyingine zipo. Ya kwanza ni moja.

"Mpe Fundi," nikasema. Angalau hilo nililisema.

Mrisho akanyoosha mkono ili tuuone. Ulikuwa unapepea kama jani. "Kitundu kile mkono huu hautakipata. Tena mimi nilikosea. Ninyi ndio mlioligeuza kosa langu likawa kweli. Mpeni mmoja wenu."

Bi. Tatu akafuta mikono kwenye kanga. "Basi ni mimi. Bila jicho langu swali la pili lisingefikiwa. Nimelibeba jambo hili peke yangu, kwa kicheko cha watu, na sikuwahi kulikana. Tena tangu nipo msichana pale jukwaani naambiwa, 'Sogea, mama, treni inakuja.' Leo nataka niisogeze mimi."

"Jicho lako liliona kichekesho, mtani," akasema Lugendo. "Maana yake nimeitoa mimi. Na wewe umetoa chai na maneno, mimi nimetoa kiapo. Mbele ya Mungu nitaulizwa kiapo kile, si wewe. Umri wangu wote nimesimama kando na bendera, napisha. Kila treni nimeijua ubavu. Sijawahi kukaa penye kuamua iende."

Nyanzala akapiga goti kidogo kwa heshima, lakini hakurudi nyuma. "Wazee wangu, injini ilikuwa imeshafunikwa kanga. Jicho na sikio vilikuwa vimefika mwisho wao, vyote vya upande mmoja wa mto. Neno la kwetu ndilo lililoifunua. Wala siiombi kwa ajili yangu. Bibi yuko njiani na wageni. Alikula mahindi yale. Sisi Usenye tumepokea tu siku zote. Nipeni nimpe ailize ile honi yeye, ajue ilikuwa nini."

"Neno lilikuponyoka, mjukuu wangu," akasema Bi. Tatu. "Hukujua unachokisema."

"Na wewe, Bibi, ulijua ulichokiona?"

Lugendo akacheka, "Hapo umepatikana, mtani!"

"Nawe usicheke, Babu," akasema Nyanzala. "Ulijua yote ukanyamaza. Bibi Tatu asingesema, ungekwenda nayo kaburini."

Kicheko cha mzee kikakatika.

Mtu mmoja akasema ipigwe kura. Masta akakataa, kura, alisema, ni hakimu aliyekimbia. Mwingine akasema washike wote watatu. Masta akatikisa kichwa kwa nguvu. "Treni moja, tokeni moja, mkono mmoja. Mikono miwili ikidhani imeshika njia moja, watu wanakufa. Sheria hii nimeilinda umri wangu wote, sitaivunja leo mbele ya watu walionizoea."

Nje lori la Usenye likapiga honi. Tukasikia vishindo vya wanaoshuka, vigelegele, mtoto analia, mtu anaulizia msala, na sauti ya bibi mmoja ikisema, "Nishusheni polepole, mimi si gunia." Nyanzala akageuka mlangoni, akatugeukia tena. Bi. Tatu anafunga upya kanga iliyokwisha kufungika. Lugendo anagonga ukingo wa meza kwa ukucha, anagonga tena. Mrisho ameweka mkono wake juu ya dume, na kwa kuwa mkono hautulii, magurudumu yanagota relini, ti-ti-ti, ti-ti-ti, kama lenyewe linataka kuondoka.

Masta akanitazama. "Na wewe wa miti, unasemaje?"

Nilikuwa nimeshaamua ni Bi. Tatu. Kisha nikajichunguza, nikaona naamua hivyo kwa kuwa navipenda vitumbua vyake. Nikahamia kwa Lugendo, nikaona ni kwa kuwa namwonea haya. Nikahamia kwa Nyanzala, nikaona ni kwa kuwa bibi yake ndiye anayebisha hodi. Sikujibu. Hadi leo ninazunguka.

Basi watazameni, wako palepale. Mmoja aliona, hakujua. Mmoja alijua, hakusema. Mmoja alisema, hakuelewa. Ukimtoa yeyote kati yao, dume liko rafuni na Fundi Mrisho kavaa kibao. Viganja vitatu viko wazi, tokeni iko mkononi mwa Masta, na mlango unafunguliwa.

Hadithi yangu imefika kwenye kibao. Mimi ni injini kubwa, daraja halinibebi. Nawasukuma ninyi mvuke. Je, wewe ungeamua vipi?